Kikokotoo kinagoma nikitafuta mwendo wa saa karibu na shimo jeusi

mzingo_wa_duara:

Wakuu, heshima kwenu. Nina maswali matatu kuhusu mashimo meusi, na la pili ndilo linalonikwamisha zaidi.

La kwanza: kila ninaposoma naambiwa nyota ikiishiwa mafuta inaporomoka na kuwa shimo jeusi. Sasa Jua nalo litaishiwa, mbona inasemwa halitakuwa shimo? Mpaka uko wapi, na ni kitu gani hasa kinachoamua?

La pili: nimechukua shimo lenye masi 10 za Jua. Nusu kipenyo cha upeo wake (mpaka ambao ukishavukwa hata nuru haitoki), yaani rs, nimepata km 29.5. Nataka kujua saa iliyotundikwa km 20 juu ya upeo inachelewa kiasi gani. Kanuni ninayotumia ni kipeuo cha pili cha (1 − rs/r). Nikiweka r = 20 napata 1 − 1.475, yaani −0.475, na kikokotoo kinagoma. Nimekosea wapi?

La tatu: kama muda unasimama kwenye upeo, vitu vinaingiaje? Si vingebaki vimeganda mlangoni milele?

tanuri_la_chuma:

Nachukua la kwanza, la hesabu nawaachia wenye kalamu.

Hilo neno "kuishiwa mafuta" ndilo linalopotosha. Uzito wa nyota unaikandamiza kuelekea ndani, na joto la myeyungano wa nyuklia (viini vya atomu kuungana) kwenye kitovu linasukuma kwenda nje. Mafuta ya aina moja yakiisha, kitovu kinajibana, joto linapanda, na majivu ya jana yanakuwa kuni za leo. Hidrojeni inaacha heli, heli inaacha kaboni na oksijeni. Jua litakwama hapo, kwa kuwa kaboni haiwaki mpaka joto lipite digrii milioni 500, na Jua halina uzito wa kukibana kitovu chake kufikia kiwango hicho. Tabaka za nje zitapeperuka, kitakachobaki ni kibete cheupe chenye ukubwa wa kama Dunia.

Kibete cheupe hakina moto ndani. Kinashikiliwa na elektroni, ambazo hazikubali kurundikana katika hali moja. Ukizibana zinasukuma, hata kukiwa na baridi. Shira B, mwenza mdogo wa nyota Shira (Sirius), ndivyo alivyo. Ila msukumo huo una kikomo. Subrahmanyan Chandrasekhar alikikokotoa mwanzoni mwa miaka ya 1930, nacho ni karibu masi 1.4 za Jua. Hapa wengi wanateleza: hiyo ni masi ya kitovu kinachobaki, siyo ya nyota ilipozaliwa. Nyota inaweza kuzaliwa na masi 6, ikapeperusha sehemu kubwa ya mwili wake, na ikaishia kibete cheupe bila kishindo.

Mchezo unabadilika kwa nyota iliyozaliwa na masi 8 za Jua au zaidi. Tazama ratiba ya nyota ya masi 25: hidrojeni inadumu miaka milioni 7 hivi, heli miaka laki kadhaa, kaboni miaka mia chache, neoni kama mwaka mmoja, oksijeni miezi, silikoni siku moja. Mbio hizo zinatokana na nyutrino, chembe nyepesi mno ambazo ni nadra kuzuiwa na kitu. Kuanzia kaboni, sehemu kubwa ya nishati inatoroka kwa nyutrino zinazopenya tabaka zote za juu kama hazipo, kwa hiyo nyota inalazimika kuchoma kwa pupa ili kufidia.

Silikoni inaacha chuma, na hapo ndipo mwisho. Kuunganisha viini vya chuma kunakula nishati badala ya kuitoa. Majivu yanarundikana kitovuni bila kuwaka, na yakikaribia masi 1.4 mambo mawili yanaharibika kwa pamoja. Miali ya gama inavunja viini vya chuma na kumeza joto lililokuwa linasukuma nje. Wakati huohuo elektroni zinasukumizwa ndani ya protoni, zinageuka nyutroni, na nyutrino zinaondoka zao. Yaani nguzo zilizokuwa zikishikilia paa ndizo zinazoyeyuka. Kitu chenye upana wa maelfu ya kilomita kinaporomoka hadi makumi ya kilomita chini ya sekunde moja.

Baada ya hapo inategemea. Nyutroni zikihimili, kitovu kinakuwa kigumu ghafla na vinavyoanguka juu yake vinadunda. Ukipatikana msukumo wa kutosha, nyota inapasuka kama supanova na inabaki nyota ya nyutroni. Lakini wimbi la mdundo huwa linakwama njiani, na nyutrino ndizo zinazolifufua kwa kulipasha joto. Lisipofufuka, au likifufuka kwa unyonge, tabaka za juu zinarudi kuanguka juu ya kitovu. Nyota ya nyutroni nayo ina kikomo, kati ya masi 2 na 3 za Jua. Ikipita hapo hatuijui nguvu nyingine ya kuizuia. Oppenheimer na Snyder walishaonyesha mwaka 1939, kwa hesabu ya mpira wa vumbi usio na shinikizo, kwamba kuporomoka kwa namna hiyo kunaendelea hadi nuru inashindwa kutoka.

Usidhani kwamba kadiri nyota inavyokuwa nzito ndivyo shimo lake linavyozidi kuwa kubwa. Kitovu cha heli kikiwa na masi kati ya 65 na 130 hivi, joto linafikia kiwango ambacho miali ya gama inageuka kuwa jozi za elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya), shinikizo linaanguka, oksijeni inawaka yote kwa mkupuo, na nyota inasambaratika bila kuacha hata punje. Mashimo ya masi hizo yanapopatikana, maelezo yanayokuja haraka ni kwamba yametokana na mashimo madogo kuungana.

kamba_na_pima:

La pili. Mkuu, kosa ni r. Kwenye kanuni ile r inahesabiwa kutoka katikati ya shimo, na wewe umeihesabu kutoka kwenye upeo. Km 20 kutoka katikati ni ndani ya upeo, na huko hakuna saa inayoweza kutundikwa ikatulia, ndiyo maana kikokotoo kimegoma. Kwa kweli kimekwambia ukweli.

Weka r = 29.5 + 20 = 49.5. Utapata 1 − 0.596 = 0.404, na kipeuo chake cha pili ni 0.636. Saa moja ya mtu aliye mbali ni dakika 38 na sekunde 8 kwenye saa yako iliyotundikwa.

Ili uone jinsi mambo yanavyopanda, hizi ni saa zilizotulia sehemu mbalimbali, kwa shimo lisilojizungusha:

r = 10 rs: 0.949
r = 3 rs: 0.816
r = 2 rs: 0.707
r = 1.5 rs: 0.577
r = 1.1 rs: 0.302
r = 1.01 rs: 0.0995

Unaona kwamba hadi 2 rs bado hakuna maajabu. Uchelewaji wote mkubwa umebanwa kwenye utando mwembamba juu ya upeo. Kwa shimo lako, 1.01 rs ni kama mita 295 tu kupita upeo kwa kipimo cha r.

Nasema "kwa kipimo cha r" makusudi, maana hapa kuna mtego wa pili. r siyo urefu wa kamba. Ni mzingo wa duara ukigawanya kwa mbili pai. Duara linalopita kwenye saa yako lina mzingo wa km 311, la kwenye upeo km 185. Tofauti ya r ni 20. Lakini ukiteremsha kamba kutoka kwenye saa hadi kwenye upeo, itameza karibu km 54, kwa sababu nafasi yenyewe imevutika kuelekea ndani. Kwa hiyo kama "km 20 juu" kwako zilikuwa km 20 za kamba, saa iko chini zaidi ya ulivyodhani na jibu ni dogo kuliko 0.636. Amua kwanza unapima nini, ndipo ushike kikokotoo.

Makosa mengine ninayoyaona kila mara: kusahau ile 2 katika rs = 2GM/c² (G ni kigezo cha uvutano, M masi, c mwendo wa nuru), kuchanganya kilomita na mita, na kuweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Kipimo cha haraka cha kujihakiki: rs ni km 2.95 kwa kila masi moja ya Jua. Dunia nzima ingehitaji kubanwa hadi nusu kipenyo cha milimita 9 hivi.

Na kamba hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Ili kutulia pale r = 49.5, kilo moja ingelemea kama kilo bilioni 87 zinavyolemea duniani.

mzingo_wa_duara:

Nimeelewa, asante sana. Ila hiyo 0.577 na 0.707 ni za mashimo tu, au ni kanuni ileile kwa kila kitu chenye uzito? Na je, haya yamewahi kupimwa au ni hesabu tupu?

kamba_na_pima:

Kanuni ni ileile nje ya kitu chochote cha mviringo kisichojizungusha kwa kasi. Saa iliyo juu ya uso wa Jua ingechelewa kama sekunde 67 kwa mwaka. Kwenye Shira B ni kama sekunde 23 kwa siku. Kwenye nyota ya nyutroni ya masi 1.4 yenye nusu kipenyo cha km 12 unapata 0.81, yaani siku yetu ya saa 24 ni saa 19 na nusu hivi kule. Shimo jeusi ni mwisho wa ngazi hiyohiyo.

Imepimwa, tena inatumika kila siku. Setilaiti za GPS ziko km 20,200 juu. Kwa kuwa ziko mbali na uvutano wa Dunia saa zake zinatangulia mikrosekunde 45 kwa siku, kwa ajili ya mwendo wake zinachelewa 7, na salio ni kutangulia 38. Zisiporekebishwa, kosa la umbali lingekua kwa kama km 11 kila siku, maana nuru inakwenda km 300,000 kwa sekunde.

Karibu na shimo lenyewe, mfano ninaoupenda ni nyota S2 inayozunguka Sagittarius A*, shimo la masi milioni 4.3 katikati ya galaksi yetu, upande wa kundinyota la Mshale. Inamaliza mzunguko kwa miaka 16. Mwezi Mei 2018 ilipita karibu kabisa, umbali wa kama mara 120 ya Dunia na Jua, kwa mwendo wa km 7,650 kwa sekunde hivi. Mwendo peke yake unaichelewesha saa kwa sehemu 0.00033, uvutano unaongeza 0.00035. Jumla inafika 0.0007, karibu dakika moja kwa siku. Wanaastronomia waliona mistari ya nuru yake imesogea kuelekea wekundu kwa ziada ya kama km 200 kwa sekunde, sawasawa na hesabu hiyo.

abiria_wa_nyota:

Nyongeza kidogo kwa swali la tatu. Anayetumbukia, muda wake ukiwa unakaribia kusimama, akigeuka nyuma anaona maisha yote yajayo ya ulimwengu yanapita mbele ya macho yake kama mkanda ulioharakishwa. Nyota zinazaliwa na kufa kwa sekunde.

kivuli_cha_upeo:

Hapana mkuu. Hiyo inasambaa sana lakini siyo sahihi, na kosa lake ndilo ufunguo wa swali la tatu.

Mkanda ulioharakishwa ni wa mtu aliyetulia juu ya upeo kwa injini. Akiwa 1.01 rs anaona ya nje yanakwenda mara 10 ya kawaida. Anayeanguka huru anaikimbia nuru inayomfuata kutoka nyuma. Aliyeanza kuanguka kutoka mbali sana, anapovuka upeo anaiona nuru ya nyota zilizo nyuma yake moja kwa moja ikiwa na nusu ya masafa yake (idadi ya mawimbi kwa sekunde). Yaani mkanda umepungua kasi kwa nusu! Anaingia akiwa ameona sehemu ndogo tu ya yajayo, na ndani habari za nje zinaendelea kumfikia kidogo hadi mwisho.

Sasa, je, muda unasimama? Kanuni ya (1 − rs/r) ni ya saa iliyotulia, na kwenye upeo hakuna saa inayoweza kutulia, kwa hiyo sifuri ile haimhusu mtu yeyote. Saa ya anayeanguka inapita upeo ikigonga kama kawaida. Kutoka upeo hadi katikati, kwa aliyeanguka kutoka mbali, ni mikrosekunde 6.6 kwa kila masi ya Jua. Shimo lako la masi 10: mikrosekunde 66. Sagittarius A*: sekunde 28. Lile la galaksi M87, lenye masi bilioni 6.5, ambalo picha yake ilitolewa Aprili 2019: karibu saa 12. Kuna kiwango cha juu pia, mikrosekunde 15.5 kwa kila masi, na hakuna injini inayoweza kukiongeza. Ukiwasha injini kwa pupa ndani ya upeo, mara nyingi unakifupisha.

Kwa aliye mbali, anachopokea ni picha. Nuru ya mwisho ya kitu kinachozama inachukua muda mrefu na mrefu zaidi kupanda, na urefu wa wimbi unanyooka kwa mara 2.7 kila baada ya kipindi kisichobadilika. Kwa masi 10 kipindi hicho ni milisekunde 0.2. Milisekunde 10 zikipita umeshanyooka hivyo mara 50 mfululizo, na wimbi la nuru ya kijani lina urefu wa maelfu ya mara ya umbali wa Dunia na Jua. Tena nuru hutoka kwa chembe, na chembe ambazo kitu hicho kimetoa kabla ya kuvuka zina idadi, kwa hiyo kuna ya mwisho. "Kuganda mlangoni milele" kwa macho ni kufifia na kuwa giza kabla hujapepesa. Kwa Sagittarius A* kipindi ni sekunde 85, hapo ungepata muda wa kutazama.

Ushahidi kwamba vitu vinaungana kweli ulikuja tarehe 14 Septemba 2015, wakati vipokezi vya LIGO vilipohisi mawimbi ya uvutano ya mashimo mawili ya masi 36 na 29. Lililobaki lilikuwa na masi 62, na 3 ziliondoka kama nishati ya mawimbi. Mlio wa mwisho ulitulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, bila dalili ya vitu viwili vilivyokwama pembeni.

abiria_wa_nyota:

Nimekubali, nafuta kauli. Lakini saa 12 ndani ya M87 zinamfaa nani, si ameshanyooshwa kama uzi kabla ya kufika?

kivuli_cha_upeo:

Kwa shimo dogo, ndiyo. Kinachomnyoosha ni tofauti ya uvutano kati ya miguu na kichwa, na hiyo inategemea masi kugawanya kwa kipeo cha tatu cha r (r × r × r). Kwa masi 10 za Jua, mtu wa mita 2 anafikia tofauti ya mara 10 ya uvutano wa Dunia akiwa bado km 3,800 kutoka katikati, na kwenye upeo ni mara milioni 20. Hafiki. Lakini nusu kipenyo cha upeo kinakua sambamba na masi, kwa hiyo tofauti kwenye upeo inashuka kwa kipeo cha pili cha masi. Kwa Sagittarius A* ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya uvutano wa Dunia. Angevuka bila kuhisi chochote, ukiacha gesi moto na miali inayozunguka pale, ambayo ni tatizo jingine.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo linaloshangaza wengi: ukigawanya masi ya shimo la M87 kwa ujazo wa mpira wenye nusu kipenyo cha upeo wake, unapata kilo 0.4 kwa mita ya ujazo, nyepesi kuliko hewa.

mzingo_wa_duara:

Nimejaribu jambo moja zaidi. Badala ya kuitundika saa, nimeiweka kwenye obiti ya duara pale r = 49.5. Nimetumia kipeuo cha pili cha (1 − 1.5 rs/r), nimepata 0.326, yaani dakika 19 na sekunde 32 kwa saa moja ya mbali. Niko sawa?

kamba_na_pima:

Namba ni sahihi, mahali ndipo pabaya. r yako ni 1.68 rs, na obiti za duara zinaanza kuwa imara kuanzia 3 rs, kwako ni km 88.5. Kati ya 1.5 na 3 obiti ipo, lakini ukiigusa kidogo inaporomoka ndani au inatupwa nje. Utahitaji injini kuisahihisha muda wote. Chini ya 1.5 hata nuru haiwezi kuzunguka. Weka r = 88.5 utapata 0.707, dakika 42 na sekunde 26, na hapo injini unaweza kuzima.

Kama shimo linajizungusha, na ya kweli kwa kawaida yanajizungusha, kanuni hii haitoshi. Utahitaji suluhisho la Roy Kerr la mwaka 1963, ambamo obiti imara inayofuata mzunguko wa shimo inaweza kusogea karibu zaidi na upeo, na uchelewaji unakuwa mkubwa kuliko huu. Anza na lisilozunguka mpaka r isikusumbue tena.